Madoa Mekundu Mwilini

Yako mambo ambayo mtu huyaficha si kwa kuwa ni maovu, bali kwa kuwa ayaogopa. Sisi tulificha jambo la namna hiyo muda wa miezi saba, na leo twalieleza hapa, huenda likamfaa mwenzetu aliye katika hali ile ile.

Tulipokwisha kupita umri wa miaka 45, siku moja tukiwa twaoga tuliona doa jekundu kifuani, dogo kama kichwa cha pini. Halikuwasha wala halikuuma. Tukadhani tumeumwa na mbu. Lakini alama ya mbu haikai wiki nzima, na doa lile lilikaa. Baadaye likaota la pili tumboni, kisha mawili begani, na moja katika hayo lilivimba kidogo, jekundu la kung'aa mfano wa punje ya komamanga. Kila asubuhi tukawa twayahesabu, na kila tukiyahesabu moyo wazidi kwenda mbio. Kwani marehemu ami yetu alifariki kwa saratani, na ugonjwa wake ulianza kwa kitu kidogo alichokidharau.

Je, tulikwenda kwa daktari? La. Tulianza kuvaa fulana hata katika joto la kaskazi, na kujifungia chumbani wakati wa kubadili nguo. Usiku tuliandika madeni yetu yote katika daftari, ili warithi wetu wasipate tabu. Tulimdokezea jirani mmoja habari hii kana kwamba twamwulizia mtu mwingine, naye akasema jambo hilo ni jepesi, hukatwa kwa wembe likaisha. Tukamwamini yeye, asiyejua, tukamwogopa daktari ajuaye!

Basi usiku wa kuamkia Ijumaa tukalikata lile lililovimba. Damu ilitoka kwa wingi kuliko tulivyodhani, na asubuhi ikapenya ikatia doa kwenye kanzu. Mama wa watoto wetu akaiona, akauliza: "Bwana, damu hii ya nini?" Hatukuwa na la kujibu ila kumweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Miezi saba umeubeba mzigo huu peke yako. Mimi ni nani kwako?" Maneno yale yalituuma kuliko wembe.

Jumatatu alitupeleka hospitali yeye mwenyewe. Daktari alitutazama mwili mzima kwa kioo cha kukuzia, hata nyayo na kucha. Akatuuliza kama tumepungua uzito au tuna homa. Kisha akatabasamu, akasema: "Mzee, haya si saratani, wala hayatageuka kuwa saratani."

Alitufahamisha kwamba ni vinundu vya mishipa midogo sana ya damu, ambayo imeongezeka na kukusanyika pahali pamoja ndani ya ngozi. Ndiyo sababu ya wekundu wake, na ndiyo sababu ya damu nyingi yakikatwa. Wataalamu huyaita angioma za cheri, kwa kuyafananisha na tunda dogo jekundu la nchi za baridi. Huanza kuonekana katika umri wa miaka 30 na zaidi, hasa kifuani, tumboni na mgongoni, na huongezeka kadiri mtu azidivyo kuwa mzee. Mengi hayazidi milimita tano. Kwa mwenye ngozi nyeusi huweza kuonekana ya zambarau au karibu na weusi. Hayaambukizi, wala hayatokani na uchafu wala damu chafu. Hivyo asiwepo wa kumnyanyapaa mwenziwe kwa ajili yake.

Na msomaji asidhani kwamba hofu yetu ilikuwa ya wajinga peke yao. Campbell De Morgan, mpasuaji mashuhuri wa hospitali ya Middlesex mjini London, aliandika mwaka 1872 juu ya asili ya saratani, naye aliyahusisha madoa haya na ugonjwa huo, kwani aliyaona kwa wagonjwa wake wengi. Baadaye ilibainika kwamba wazee wengi wanayo, wagonjwa na wazima. Uzee ndio uletao madoa, na uzee huo huo ndio uzidishao saratani. Mambo mawili yakifuatana njia moja, si lazima moja liwe limemzaa mwenziwe.

Ama matibabu, jibu la kwanza ni kwamba hayahitajiki. Lakini kama doa lakwaruzwa na nguo likatoka damu, au lamchukiza mwenyewe kwa kuwa liko usoni, daktari aweza kuliunguza kwa sindano ya umeme, kuligandisha kwa baridi kali, kulikwangua, au kulipiga kwa mwanga wa leza. Sisi wenye ngozi nyeusi yatupasa kuuliza kwanza, maana kuunguza na kugandisha huweza kuacha baka jeupe au jeusi, na wengine wetu huota makovu manene.

Hata hivyo, si kila alama ni ya kudharauliwa. Doa likikua upesi, likiwa na rangi nyingi au kingo zisizo sawa, likitoka damu bila kuguswa, au likiwa kidonda kisichopona, usingoje. Kadhalika alama nyeusi mpya unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, kwani hapo ndipo saratani kali ya ngozi hupenda kuwatokea watu weusi. Na mabaka ya zambarau yanayoenea miguuni au kinywani huweza kuwa saratani ya Kaposi, isiyo ngeni katika Afrika ya Mashariki. Kuyapambanua haya ni kazi ya daktari, si ya jirani wala ya wembe.

Twawaasa hasa mama zetu na dada zetu, ambao haya huwazuia kumwonyesha mtu miili yao. Haya ni pambo, lakini madaktari wanawake wapo, na palipo na dharura sheria yetu haikumfungia mgonjwa mlango. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Leo madoa yetu yamefika 11, nasi hatuna habari nayo. Lile tulilolikata limetuachia kovu kubwa kuliko doa lenyewe. Kila tukivaa kanzu twaliona, nalo hutukumbusha kwamba hofu tuliyoificha ndiyo iliyotudhuru, si doa.