Satrapi na Mwenyekiti wa Kitongoji

Shuhuda nyingi nilizozisikia huanza na pombe au ugonjwa. Wangu unaanza na karatasi iliyokuwa kwenye bahasha ya kaki, chini ya godoro la baba mkubwa, huko Vunjo kwenye mteremko wa Kilimanjaro.

Karatasi ilisema kwamba mwaka 1948 jirani yetu alimpa babu yangu kipande cha kihamba chake, yaani shamba lake la migomba, ule upande wa mfereji, kwa mbuzi wawili na debe la mbege, pombe yetu ya ndizi. Jirani akafa, mwanawe naye akafa, akabaki mkwe mjane. Kila mjane alipodai, bahasha ilitolewa. Na msomaji wake barazani nilikuwa mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma zaidi katika ukoo, na sauti nimerithi kwa baba yangu, aliyekuwa katekista. Niliisoma mara mbili mbele ya baraza la kata. Mara zote mbili tulishinda.

Mwaka 2013 kwaya yetu ilikwenda hija Roma. Kwenye makumbusho ya Vatikani tulipitishwa Ukumbi wa Konstantino, ambao wageni wengi huupita mbio kwa hamu ya kufika vyumba vilivyochorwa na Raffaello. Ukumbi huo alipewa yeye pia, ila alifariki mwaka 1520 kazi ikiwa changa, na wanafunzi wake Giulio Romano na Gianfrancesco Penni wakaimaliza mwaka 1524. Kwenye ukuta mmoja Kaisari Konstantino amepiga magoti mbele ya Papa Silvesta, anamkabidhi sanamu ndogo ya dhahabu, yaani anamkabidhi mji wa Roma. Nguzo za kanisa zinarudi nyuma zikipungua, umati umejaa mbele, na sakafu inakuvuta miguu. Nilisimama pale hadi kiongozi wetu akaja kuniita. Nilimwambia mwenzangu wa besi, "Hii ni kama karatasi yetu ya kihamba, ila wenzetu wameichora." Tulicheka.

Kazi yangu ni kusoma prufu katika kiwanda cha uchapaji. Miaka mitatu baada ya hija nililetewa kitabu cha historia ya Kanisa, na katika sura ya Renesansi, zama zile za mwamko wa sanaa na elimu huko Ulaya, nikakuta aya moja juu ya msomi wa Italia, Lorenzo Valla. Aya ilikuwa na makosa mawili ya koma. Nilipompigia padre mwandishi kuuliza, akaniazima kitabu chenyewe cha Valla kilichotafsiriwa. Nilikisoma kwa siku tatu.

Kilihusu jambo lilelile la picha ya ukutani. Ilikuwapo hati iliyosema kwamba Konstantino, baada ya kuponywa ukoma na kubatizwa na Silvesta, alimwachia Papa Roma na himaya yote ya magharibi. Kwa mamia ya miaka hati hiyo ilitolewa kila ulipozuka ugomvi wa mamlaka. Hata mshairi Dante, aliyeilalamikia zawadi hiyo kuwa imeleta balaa, hakuwa na shaka kwamba ilitolewa. Mwaka 1440 Valla aliisoma jinsi ninavyosoma mimi prufu: neno moja moja. Akaona Kaisari anasema ameamua pamoja na masatrapi wake wote. Satrapi! Hicho ni cheo cha magavana wa Uajemi. Kaisari wa Roma angewatoa wapi? Akaona hati inaitaja Konstantinopoli kama makao ya patriaki, wakati mji huo ulikuwa bado haujajengwa. Kilatini chenyewe kilikuwa cha watu waliozaliwa karne nyingi baada ya Konstantino. Wanahistoria leo wanaiweka hati hiyo kwenye karne ya 8.

Nilipofika kwenye masatrapi nilicheka peke yangu ofisini. Halafu nikaacha kucheka. Mstari wa mwisho wa karatasi yetu naujua kwa moyo: "mbele ya mwenyekiti wa kitongoji". Mwaka 1948 Uchagani alikuwako mangi, yaani chifu, na chini yake mchili. Mwenyekiti wa kitongoji amekuja na sheria za serikali za mitaa za miaka mingi baadaye. Tena karatasi ilipima kihamba kwa mita, wakati babu na wenzake walijua futi na yadi. Mimi, ninayekamata koma kwa mshahara, nilikuwa nimeyasoma maneno hayo kwa sauti kubwa mara mbili, mbele ya mjane, nisiyaone.

Nilikwenda kuungama. Nikapewa kusali Salamu Maria, nikasali, nikatoka mwepesi kama pamba. Kihamba kilibaki kwetu.

Katika kufuatilia mambo ya Valla ndipo nikakutana na neno jingine. Aliilinganisha Biblia ya Kilatini na ya Kigiriki akaandika maelezo. Mwaka 1504 msomi Erasmus aliyakuta kwenye abasia karibu na Leuven, akayachapisha mwaka uliofuata, na mwaka 1516 yeye mwenyewe akatoa Agano Jipya la Kigiriki. Pale Yohane Mbatizaji anapohubiri jangwani, Kilatini kilikuwa kimezoea kusema kitu kilicho karibu na "fanyeni kitubio". Kigiriki kinasema badilisheni nia. Hoja ya kwanza kati ya 95 za Luther, mwaka 1517, inahusu neno hilohilo. Mimi ni Mkatoliki na nitakufa Mkatoliki, lakini siku hiyo nililiangalia neno letu "kutubu", lililotoka kwenye Kiarabu kwa maana ya kurejea, nikajua kwamba kitubio nimefanya na kurejea sijarejea.

Picha ile ya Roma ndiyo iliyonisumbua zaidi. Ilichorwa miaka themanini baada ya Valla kuandika, katika nyumba ya watu ambao wangeweza kumsoma. Na uzuri wake ndio unaoponza. Ufundi mpya wa kuonyesha umbali, ambao msanifu Alberti aliueleza kitabuni mwaka 1435, unamfanya mtazamaji awe shahidi wa jambo lisilotokea. Mwalimu wangu wa historia alituhesabia sanaa na elimu za Renesansi kama mapacha. Katika ukumbi ule naona ndugu wasiosalimiana.

Nisijipambe, sikwenda kwa baba mkubwa na moyo safi. Mwaka 2014 alikuwa amenikatalia kiwanja cha kujenga, na watu walilikumbuka hilo. Valla naye alikuwa mtumishi wa Mfalme Alfonso, aliyekuwa akigombana na Papa juu ya ufalme wa Naples. Kila mmoja wetu alikuwa na sababu yake.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Umekuja kusoma?"

"Nimekuja kuuliza nani aliiandika."

Alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, "Babu yako alipewa kweli, mwanangu. Nilikuwapo, nilishika kamba ya mbuzi. Karatasi ndiyo haikuwapo. Wazee walipokwisha kufa, nikaona kweli yetu haina karatasi, nikaitengenezea."

Hilo sikulitegemea. Lakini Konstantino naye kuna kitu alikitoa kweli: Laterano pale Roma, ambako kanisa la Mtakatifu Yohane limesimama hadi leo. Na Valla, ambaye mwaka 1444 alihojiwa Naples kwa kukana kwamba mitume kumi na wawili walitunga Kanuni ya Imani kwa kuchangia kila mmoja kipengele (baba yangu alitufundisha hivyohivyo, kwa vidole), baadaye aliajiriwa na Papa Nikolasi V kutafsiri vitabu vya Kigiriki. Alifariki mwaka 1457 akiwa kanoni wa Laterano, akazikwa humo.

Nilisimama barazani mara ya tatu, bila bahasha. Nikaeleza mambo yote mawili, la mwenyekiti wa kitongoji na la kamba ya mbuzi. Baraza lilikata shauri mjane arudishiwe upande wa mfereji, sisi tubaki na migomba ya juu. Baba mkubwa hakunisemesha kwa miaka mitatu. Mjane naye hakunishukuru, na sioni kwa nini angenishukuru.

Baba mkubwa alifariki mwaka 2020. Alikuwa ameacha neno kwamba wasifu wake nisome mimi. Asubuhi ya maziko nikakabidhiwa karatasi, mstari wa kwanza ukisema alizaliwa tarehe 12 Machi 1931. Nikaenda jikoni kwa shangazi, dada yake mkubwa, nikamuuliza tarehe hiyo imetoka wapi.

"Tarehe tulimpa shuleni," akasema huku akimenya ndizi. "Alizaliwa mwaka wa nzige."

Nikaazima penseli kwa mtoto mmoja, nikakata, nikaandika hivyo.