Nilitengeneza bastola ya Han Solo Kiganjo, shosho akafunga mlango

Ukimwambia Mkenya unatoka Kiganjo, swali la kwanza ni moja tu: "Kwani wewe ni karao?"

Si kosa lao. Chuo cha polisi kiko hapa, na kwa Wakenya wengi "kupita Kiganjo" maana yake ni kuvaa sare. Sisi wengine tunaishi tu. Tuna kiwanda cha maziwa, tuna baridi ya Julai inayoingia hadi kwa mifupa, tuna Mlima Kenya asubuhi kabla haujajifunika mawingu. Lakini ni kweli, hapa unaweza kupishana na polisi wanne kabla hujafika dukani kununua mkate.

Sasa katika mji huo, mimi nikaamua kutengeneza bastola.

Tulieni wasee. Ni feki. Haina risasi, haiwezi kupiga risasi, haijawahi. Lakini ndiyo stori yenyewe, kwa hivyo ngoja niianze vizuri.

Kuna jamaa alikuwa kwa kikundi cha kuigiza, wale huzunguka shule za sekondari na vitabu teule. Kikundi kikavunjika, akaanza kuuza vitu: mawigi, magwanda ya jeshi, viatu. Ndani ya gunia nikaona bastola ya chuma. Nzito, zaidi ya kilo. Mpini mviringo kama wa ufagio, sanduku la risasi likiwa mbele ya kidole badala ya ndani ya mpini. Moyo ukaruka. Hiyo ni Mauser C96, yaani nakala yake ya zinki. Nikamlipa 2,500 bila kubishana sana, akadhani mimi ni mjinga.

Kama hujui kwa nini niliruka: Mauser C96 ni bastola ya Kijerumani iliyoanza kutengenezwa 1896. Winston Churchill alikuwa nayo vitani Omdurman, Sudan, 1898. Halafu miaka karibu 80 baadaye, watu wa Star Wars wakaichukua bastola hiyo hiyo ya kizamani, wakaifunga darubini na vikorokoro, wakampa Han Solo. Ile silaha ya anga za mbali unayoiona kwenye filamu ya 1977 ni chuma cha enzi za malkia Victoria kilichovalishwa nguo mpya.

Na hiyo ndiyo sababu naipenda. Roger Christian, aliyekuwa kwenye timu ya mapambo ya filamu ile, hakuwa na pesa ya kubuni kila kitu upya. Upanga wa mwanga wa Luke ulianza kama mpini wa fleshi ya kamera ya zamani ya Graflex, akaongeza kipande cha plastiki kutoka kwa kalkuleta. Manze, hiyo ni jua kali! Hao wazungu wa London walifanya kile fundi wa Karatina hufanya kila siku, na timu ikashinda Oscar. Moja ya bastola za Han Solo iliuzwa mnadani Marekani Agosti 2022 kwa zaidi ya dola milioni moja. Nikajiambia, kama takataka yao inaenda milioni, yangu haiwezi kunipa hata video moja fiti?

Nikaanza kazi. Nilikuwa naandaa filamu fupi ya simu, dakika sita, kuhusu msafirishaji wa magendo ambaye chombo chake kinaanguka kwenye shamba la viazi. Bastola ilipaswa kuwa sahihi kabisa. Nikapiga picha za ile ya filamu, nikazikuza, nikapima kwa rula.

Darubini: pampu ya baiskeli iliyokufa, nikakata kwa msumeno, nikaweka vichwa viwili vidogo vya tochi kila upande. Mdomo: kwenye ile ya filamu kuna koni ya chuma iliyotoka kwa bunduki ya ndege za kivita za Ujerumani. Mimi nikaenda kwa fundi wa Nyeri mjini mwenye mashine ya kukereza, akanichongea ya alumini. Akaniuliza, "Hii ni ya nini?" Nikamjibu, "Ya kamera." Huo uongo ulitoka haraka sana, na ningepaswa kujiuliza kwa nini. Vikorokoro vya pembeni: kile chuma chenye mapezi cha kupoza amplifaya, kutoka kwa mtu wa skrapu Chaka. Vyote nikabandika kwa gundi ya epoksi na skrubu.

Halafu rangi. Wale waigizaji walikuwa wameizungushia mdomo pete ya rangi nyekundu, ili mtu yeyote akiiona ajue ni ya mchezo. Han Solo hana pete nyekundu. Nikachukua msasa, nikaiondoa. Nikapuliza nyeusi isiyong'aa, nikasugua kingo mpaka chuma kikaonekana kama kimetumika miaka. Nilipomaliza nikaiweka karibu na picha ya filamu. Wasee, sikuamini. Kitu ilikuwa kali.

Nikaiweka kwa meza ya jikoni karibu na dirisha, mwanga mzuri wa saa kumi, nipige picha.

Shosho akaingia kutoka kwa mkutano wa kina mama wa kanisa.

Nilitegemea apige kelele. Ningejua la kufanya na kelele. Shosho ameshanipigia kelele nyingi tangu niache chuo mwaka wa pili, tumezoeana. Hakupiga. Alisimama, akaiangalia ile kitu, akarudi nyuma hatua mbili, akafunga mlango na komeo. Akavuta pazia. Akatoa leso mabegani, akaifunika. Halafu ndio akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kumsikia nayo:

"Mzee wangu, nani amekuona ukiingia nayo?"

Ananiita mzee wangu kwa sababu nimepewa jina la guka, mume wake. Nikacheka. "Shosho, ni toi. Ni ya sinema." Akauliza tena, vile vile, neno kwa neno. Nani amekuona.

Shosho ana zaidi ya miaka themanini. Wakati wa hali ya hatari alikuwa msichana mdogo, ndani ya vile vijiji vyenye mahandaki ambavyo serikali ya kikoloni iliwasukumia watu wa huku kuanzia 1954. Huwa hapendi kuongea kuhusu mambo hayo. Siku hiyo, akiwa ameshikilia leso juu ya bastola ya Han Solo, akaniambia kuhusu jirani yao. Walimpata na bunduki. Akachukuliwa, hakurudi. Nikamuuliza ilikuwa bunduki gani.

"Bomba la maji na komeo la mlango," akasema. "Haikuwa imelia hata siku moja."

Sikuwa na la kusema.

Wale wa msituni, Nyandarua na Mlima Kenya, walikuwa na bunduki chache za kweli. Zingine walijitengenezea: bomba, mbao, komeo, mpira wa kuvutia. Nilisoma hayo shuleni kama pointi ya mtihani. Sikuwahi kufikiria kwamba ni watu wanaotoka kwetu, wenye mikono kama yangu, waliokaa na tupa na msumeno wakitengeneza kitu kilichofanana na kitu. Na sikuwahi kuunganisha na Kimathi. Dedan Kimathi alikamatwa hapa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa hapa hapa Nyeri mwezi uliofuata, akanyongwa Kamiti 18 Februari 1957. Ukitafuta shtaka, si vita, si uasi, si hotuba. Ni kupatikana na bastola na risasi zake.

Kwa hivyo shosho alipoona ile kitu mezani, hakuona sinema. Aliona kesi.

Najua unachofikiri. Hiyo ni zamani. Mimi pia nilifikiri hivyo usiku ule, nikiwa nimekasirika kidogo. Halafu nikakumbuka ni mara ngapi kwa habari nimesikia "bastola bandia ilipatikana" mwishoni mwa stori ambayo mwenye bastola hiyo hayuko tena kujieleza. Nikasoma Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Ukitumia silaha bandia kwa nia ya uhalifu, kusema haiwezi kupiga risasi hakukusaidii. Mimi sina nia ya uhalifu, sawa. Lakini nia haionekani kwa mkono. Kinachoonekana kwa mkono ni chuma.

Na si Kenya pekee. Tamir Rice alikuwa na miaka 12. Cleveland, Marekani, Novemba 2014, alikuwa akicheza uwanjani na bastola ya kuchezea. Polisi alimpiga risasi sekunde chache tu baada ya gari lao kufika. Hiyo bastola ilipaswa kuwa na alama ya rangi ya chungwa mdomoni. Haikuwa nayo. Ilikuwa imeondolewa.

Nilisoma hapo mara mbili. Nilikuwa nimeondoa yangu kwa msasa, nikijisifu.

Kuna jirani, afande mstaafu, mzee mpole anayefuga kuku. Nikampelekea picha tu, si kitu chenyewe, angalau nilikuwa nimejifunza hilo. Nikamwonyesha pampu, tochi, mapezi ya amplifaya. Nikamuuliza: mzee, polisi aliyefunzwa si ataona haraka kwamba hii ni ya filamu?

Akavaa miwani, akaangalia simu kwa muda mrefu.

"Kijana," akasema, "wewe umetumia miezi miwili kuangalia hii kitu. Yeye atakuwa na sekunde mbili, na ni jioni, na anaogopa kama wewe."

Akarudi kwa kuku zake.

Hapo ndipo nilielewa kosa langu, na ndiyo sababu naandika hii, kwa sababu najua kuna watoto wa mtaa wananiiga. Nilikuwa nimetafuta usahihi bila kujiuliza ni sahihi kwa nani. Ndani ya jumba la filamu, sote tumekubaliana kwamba ile ni ya uongo, ndiyo maana tunafurahia ikionekana ya kweli. Kwenye stendi ya matatu ya Kiganjo hakuna mtu amekubaliana na mimi chochote. Han Solo anatembea na chuma chake kiunoni kwa sababu yuko kwa filamu. Kijana wa miaka ishirini na kitu, na kofia ya marvin kwa sababu ya baridi, akitembea na chuma hicho hicho kutoka Chaka kuja hapa, yuko kwa stori nyingine, na si yeye anayeiandika.

Nilifanya nini? Sikuitupa. Shosho alitaka iende chooni, tukaongea siku mbili. Nilirudisha pete nyekundu mdomoni, pana kuliko ya kwanza. Usahihi ukafa hapo, na iliniuma, sitadanganya. Halafu nikaipigilia kwa ubao mzito wa msonobari kwa skrubu nne ndefu, ubao ukafungwa ukutani chumbani kwangu. Haiendi popote. Ukitaka kuiona, unakuja na unakunywa chai ya shosho kwanza.

Na filamu? Nilirudi kwa maandishi nikauliza swali ambalo ningeuliza mwanzo: huyu msafirishaji anahitaji bastola kwa nini? Wanuri Kahiu alitengeneza *Pumzi*, 2009, filamu ya Kikenya ya maisha ya kesho, na hadithi yake inazunguka maji, udongo na mche mmoja, na ikafika Sundance. Kwa hivyo wa kwangu sasa amebeba kitu cha kupima udongo, nilichotengeneza kwa kichwa cha shawa, waya za shaba na kikombe cha kijani cha plastiki. Kinafanana na hakuna kitu duniani. Nilikibeba mkononi kwa matatu kutoka Nyeri hadi nyumbani, wazi kabisa, na konda akaniuliza kama ni ya kukamulia ng'ombe.

Nikimaliza kuhariri nitaiweka hapa. Shosho yumo, sekunde kama kumi, anachimba viazi na kukataa kuangalia kamera. Ananiuliza kila wiki kama mlango wa chumba changu una kufuli. Unayo. Ufunguo anakaa nao yeye.