NILIFUTA SUGU YA MAREHEMU: KILICHONIFANYA NIVUNJE KIBUBU NINUNUE TABLETI YA KUCHORIA

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani, mnisamehe. Leo ni kisa changu mwenyewe, maana kila siku naulizwa swali lilelile: "Kaka, ninunue tableti gani ya kuediti picha na kutengeneza grafiki?" Nitajibu, ila acha nianze na aibu yangu, ndiyo mtanielewa.

Kwa wasionijua, nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea. Kuediti nimejifunza YouTube kwa bando la usiku. Mchana nipo kwenye stesheneri moja Tandika: fotokopi, picha za pasipoti, kadi za harusi, mabango ya vigodoro. Kazi zote hizo nilikuwa nazifanya kwa mausi, na nilijiona fundi kwelikweli.

Mwaka jana akaja dada mmoja na picha ndogo ya baba yake, marehemu. Imekunjwa, mkunjo umepita usoni kabisa. Alitaka ikuzwe iwekwe kwenye fremu, kwa sababu mama yake yuko eda na ndiyo picha pekee waliyobaki nayo. Tukakubaliana elfu ishirini. Nikaiskani, nikakaa nayo mpaka saa tano usiku. Mkunjo nikaufuta, madoa nikayafuta, ngozi ikawa laini kama ya bwana harusi. Nikaprinti. Dada akaitazama sana, akashukuru, akaondoka.

Kesho yake karudi nayo, kaifunga kwenye kanga.

"Kaka, samahani. Mama kasema huyu siye mume wake. Anauliza, sugu yake umeipeleka wapi?"

Nyie! Yule mzee alikuwa na sugu ya sijda kwenye paji la uso. Mkunjo ulipita palepale, mimi nikaona doa jeusi, nikafuta. Miaka yote ile ya swala, nimeiondoa kwa kubonyeza mara sita. Nikamrudishia elfu ishirini yake, nikamwomba aniachie picha niirudie. Usiku ule sikulala vizuri.

Nikajaribu kuirudia, ikanishinda. Tatizo la kwanza lilikuwa jicho langu, na hilo hakuna duka linalouza. La pili lilikuwa mkono. Mausi haijui kama umebonyeza kwa hasira au kwa upole. Ukibonyeza, rangi inatoka vilevile ulivyoiseti. Ukitaka kivuli chepesi unashusha opasiti, unapaka, unapandisha, unapaka tena, mpaka unachoka. Kalamu ya tableti inahisi presha. Ukigusa kidogo inapaka kidogo, ukikandamiza inakolea, kama penseli tu ya shule. Sasa sugu haina mpaka. Inaanza kama kivuli, inakolea katikati, inapotea taratibu. Mimi kwa mausi nilikuwa nabandika kifungo cha koti kwenye uso wa mtu.

Nikavunja kibubu. Ndani kulikuwa na laki tatu na nusu, nilizokuwa najichanga kwa kodi ya chumba ya miezi sita. Mnawajua wenye nyumba wa huku kwetu, miezi miwili hawataki kusikia. Kwa hiyo nikitumia vibaya hela hii, nahamia kwa shangazi Yombo na godoro langu kichwani.

Nikamuuliza jamaa mmoja anayejulikana sana mjini, anatengeneza kava za wasanii wakubwa. Simtaji, na nyie msimtaje. Akanijibu kwa voisi noti: "Mdogo wangu, isiyo na kioo ni ya watoto. Jichange ununue yenye kioo kama yangu."

Nikataka kumsikiliza. Halafu nikaangalia meza yangu.

Tableti za kuchoria zipo za aina mbili. Kuna ambayo ni kibao tupu: unachora mezani, picha inatokea kwenye kompyuta. Na kuna yenye kioo, unachora juu ya picha yenyewe. Yenye kioo ni tamu kwa mtu anayechora katuni au wahusika kuanzia mstari wa kwanza. Ila bei yake iko juu mno, inataka nafasi, na ni kioo cha pili kinachokula umeme. Mimi meza yangu nagawana na mashine ya fotokopi, na umeme ukikatika natumia betri ya kompyuta. Kibao kisicho na kioo kinakula umeme kidogo tu kupitia waya wa USB. Na kazi yangu ni kurekebisha picha ambazo tayari zipo.

Nikamkumbuka Edward Tingatinga. Mzee yule alianza kuchora hapahapa Dar mwaka 1968, kwa mbao za bei rahisi na rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na leo mtindo wa uchoraji unaitwa kwa jina lake. Nikasema basi, sitaona haya kwa kibao kisicho na kioo.

Kariakoo sasa. Duka la kwanza kijana akanitolea kibao cha elfu kumi na tano: "Hii hapa bro, drawing tablet, zote sawa." Wadau, kuweni macho! Ule ni ubao wa watoto wa kuandika na kufuta. Hauna waya, hauungi na kompyuta, hauhifadhi kitu. Kabla hujatoa hela, sema uchomekewe kwenye kompyuta ujaribu kalamu.

Mambo mengine niliyojifunza kwa kuzunguka:

Ukubwa. Eneo la kuchorea linawakilisha kioo chote cha kompyuta. Kama kioo chako ni kikubwa na kibao ni kidogo sana, mkono ukisogea kidogo mshale unaruka mbali. Kwa laptopu ya kawaida, kibao kidogo kinatosha. Ila chunguza eneo la kuchorea lenyewe, usipime plastiki yote.

Namba za presha. Wacom Intuos, ya Wajapani, inahesabu viwango 4096. Huion H640P, ya Wachina, inahesabu 8192. Nilijaribu zote mbili dukani, mkono wangu haukuona tofauti. Namba isikutoe roho.

Kalamu. Chukua isiyotumia betri wala kuchajiwa, na uliza kama kuna ncha za akiba, maana zinalika.

Draiva. Pakua kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, na kama uliwahi kuweka ya tableti nyingine, itoe kwanza. Bila draiva, kalamu inaweza kugeuka mausi ya gharama. Programu za bure kama Krita na GIMP zinakubali presha. Na kama huna kompyuta, baadhi ya vibao vinaunga na simu za Android, uliza kwanza.

Intuos ilikuwa nzuri ila ile ya pale dukani ilinizidi kimo. Nikachukua H640P, eneo lake ni milimita 160 kwa 100. Nililipa laki moja na themanini. Kodi nikaenda kumlilia mwenye nyumba, akanikubalia miezi mitatu baada ya kunisema nusu saa.

Wiki ya kwanza nilitaka kuitupa. Mkono uko huku, macho yako kule, hata kuandika jina langu nilishindwa. Wiki ya tatu ndiyo nikafungua picha ya mzee. Safari hii sikugusa kitu kabla ya kuitazama. Nikamwomba yule dada anitumie maelezo ya mama: sugu ilikuwa na ukubwa gani, ilikaa katikati au pembeni. Mama akasema pembeni kidogo, kushoto. Nikaweka brashi laini, nikagusa polepole, kidogo kidogo, mpaka ikakaa.

Dada akaja kuichukua. Sikutaka hela. Jioni akapiga simu.

"Kaka, mama kaiweka ukutani. Anakuombea dua."

Nikavuta pumzi.

"Ila anasema shati lake lilikuwa la kijani. Wewe umeweka bluu."

Nimelirekebisha, bure pia. Haya, wewe unaediti kwa nini, mausi, kidole au kalamu? Na umewahi kumfutia mtu kitu ambacho hakikuwa doa? Tiririka hapo chini.