Mazatlán: Mji wa Pwani na Shauri la Kutafuta Nyumba

Katika pwani ya magharibi ya nchi ya Meksiko, ukingoni mwa Bahari ya Pasifiki, upo mji uitwao Mazatlán. Umo katika jimbo la Sinaloa, kusini kidogo ya mstari wa Tropiki ya Kansa, nao wenyeji huuita kwa fahari "Lulu ya Pasifiki". Jina lenyewe limetokana na Kinahuatl, lugha ya Waazteki, na maana yake ni mahali pa kulungu. Siku hizi kulungu hawaonekani mjini. Wanaoonekana ni wavuvi, wachuuzi na wageni.

Wageni huuendea mji huu kwa sababu mbili. Wengine hufuata mapumziko: jua, upepo wa bahari na samaki. Wengine, hasa wazee waliostaafu kutoka Marekani na Kanada wanaokimbia theluji, hufuata nyumba ya kumalizia umri wao. Mwezi wa Februari mimi na mke wangu tulikaa huko siku kumi tukiwa na dada yake mkubwa na mumewe, yaani mwanyumba wangu, ambao sababu zote mbili zilikuwa zao. Mwanyumba ameendesha basi la abiria mjini Chicago kwa miaka ishirini na minane. Mkewe ni muuguzi. Wote wawili ni raia wa Marekani. Akiba yao ilitosha nyumba moja tu, na mwenye akiba ya nyumba moja akikosea hana pa kurudia. Kwa hiyo kila matembezi yetu yalikuwa ya furaha na ya hesabu kwa wakati mmoja.

SURA YA MJI

Mazatlán umenyooka kandokando ya maji. Barabara yake ya ufukoni, ambayo wenyeji huiita malecón, ina urefu wa kilomita 21 hivi. Alfajiri hukimbiwa na vijana na kupitwa na baiskeli; jioni familia nzima hutoka kutembea, bibi akiwa mbele na wajukuu nyuma. Penye mawe makali karibu na ufuko wa Olas Altas, vijana hujirusha baharini kutoka juu ya jukwaa. Maji ya pale ni haba, hivyo yampasa mrukaji angoje wimbi liingie ndipo ajitupe. Akiwahi au akichelewa, hukutana na mwamba.

Teksi za mji huu ni za ajabu. Ni vigari vidogo visivyo na milango wala vioo vya pembeni, navyo huitwa pulmonía, yaani homa ya mapafu. Yasemekana jina hilo lilitungwa na madereva wa teksi za kawaida katika miaka ya 1960, vigari hivyo vilipoanza, ili kuwatisha abiria kwamba upepo utawaua. Abiria hawakutishika. Jina likabaki, na biashara ikastawi.

Upande wa kusini, juu ya kilima cha Crestón, umesimama mnara wa taa ya kuongozea meli, katika kimo cha mita 157 hivi juu ya bahari. Tulipanda asubuhi kabla jua halijawa kali. Ukiwa juu, mji wote umelala kama ramani: bandari na merikebu za kuvulia kamba, feri iendayo La Paz ng'ambo ya ghuba, mapaa ya mji wa kale, na mbali kaskazini majumba marefu ya mahoteli. Mwanyumba alikaa pale muda mrefu akitazama. Alisema kwamba nyumba huanza kutafutwa kutoka kileleni, kwa kuwa ukiwa chini kila mtaa hujisifu wenyewe.

MJI WA KALE

Kiini cha mji ni uwanja mdogo uitwao Plazuela Machado, uliozungukwa na nyumba za karne ya 19 zenye kuta nene, dari ndefu na ua wa ndani. Karibu yake pana jumba la maonyesho lililofunguliwa mwaka 1874, ambalo leo lina jina la Ángela Peralta. Huyu alikuwa mwimbaji mashuhuri wa opera wa Meksiko. Aliwasili Mazatlán kwa meli mwezi Agosti 1883 pamoja na kundi lake, na kabla mwezi haujaisha homa ya manjano ilikuwa imemwua yeye na wenzake wengi. Jumba lilichakaa, likakarabatiwa, na mwaka 1992 likafunguliwa tena.

Wasomaji walio jeshini watapenda kujua kwamba mji huu ni miongoni mwa miji ya kwanza duniani kupigwa bomu kutoka angani. Ilikuwa mwaka 1914, wakati wa Mapinduzi ya Meksiko, ndege ya majeshi ya wapinga serikali ilipokuja kulenga ngome iliyokuwa kilimani. Bomu halikupiga ngome. Lilianguka mtaani kwa raia.

Mji una mambo ya furaha pia. Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Ujerumani walifanya makazi humu, na ala za shaba za Ulaya zikaingia mikononi mwa wenyeji. Muziki wa Sinaloa leo hupigwa kwa tarumbeta, klarineti, tuba na ngoma kubwa. Mtu aliyezoea kuisikia bendi ya polisi siku ya gwaride angegeuza shingo, halafu angeshangaa kuona watu wanacheza badala ya kusimama wima.

JIKONI

Soko kuu la mji, liitwalo Pino Suárez, lina mihimili ya chuma ya mwishoni mwa karne ya 19. Humo ndimo dada mkubwa alimopata utulivu, kwa maana muuguzi hupima mji kwa soko na hospitali. Kamba wamejaa mezani, kwani Mazatlán ni bandari kubwa ya uvuvi wa kamba. Huliwa kwa namna nyingi. Namna moja, iitwayo aguachile, ni kuwalowanisha kamba wabichi katika maji ya ndimu na pilipili mbichi iliyosagwa, kisha kuwaongezea vitunguu na tango. Mama wa nyumbani na akumbuke kwamba ndimu hubadili rangi ya nyama lakini haiui vijidudu vyote. Kwa hiyo chakula hicho kinataka kamba waliovuliwa siku ileile, na si cha kulisha watoto wachanga wala waja wazito.

Jambo la kujifunza zaidi ni mahindi. Mmea huu tunaouita wetu, unaotupa ugali kila jioni, asili yake ni Meksiko, ambako wakulima waliufuga kutoka katika nyasi za porini miaka 9,000 hivi iliyopita. Wenyeji hawayasagi mahindi makavu kama tufanyavyo. Huyachemsha katika maji yenye chokaa, huyaacha yalale usiku, huyaosha, halafu huyasaga mabichi na kuyapika yakiwa mikate myembamba kama chapati, iitwayo tortilla. Chokaa hulegeza maganda. Tena hufungua vitamini iliyofungika ndani ya punje. Mahindi yalipoenea duniani bila ujuzi huo, watu wengi maskini waliokula mahindi matupu, kwa mfano nchini Italia na kusini mwa Marekani, walipatwa na ugonjwa wa ngozi na akili uitwao pelagra. Mbegu ilisafiri, maarifa yakaachwa nyuma.

NYUMBA TATU

Katika siku zile kumi tulitazama nyumba nyingi, lakini tatu ndizo zilizozua mashauri. Ya kwanza ilikuwa chumba na sebule katika jengo refu linaloelekea bahari. Majengo ya namna hii yameongezeka tangu barabara mpya ya kwenda Durango ilipofunguliwa mwaka 2013, yenye daraja la Baluarte linalopita mita 400 hivi juu ya bonde. Safari iliyokuwa ikichukua saa sita kwa kona za mlimani sasa huchukua chini ya saa tatu, na watu wa bara hushuka pwani kila wanapopata likizo. Mwanyumba aliipenda. Mkewe aliuliza, "Umeme ukikatika, na magoti yako haya, utapanda ghorofa ya kumi na moja kwa nini?" Mwanyumba hakuwa na jibu.

Ya pili ilikuwa nyumba kuukuu katika mji wa kale, yenye ua na mti wa ndimu. Dada mkubwa aliipenda, kwani soko lilikuwa umbali wa kutembea. Ila kuta zilikuwa na alama ya maji kutoka chini hadi kiunoni. Mvua za huko hunyesha hasa kati ya Juni na Oktoba, na vimbunga hutokea majira hayo. Kile kilichoitwa Olivia kiliupiga mji huu Oktoba 1975 na kuua watu. Mgeni ajaye Februari, wakati mbingu ni safi, hawezi kuyaona hayo ila kwa kusoma kuta.

Ya tatu haikuwa nyumba bali kiwanja nje ya mji, ufukoni kabisa, chenye minazi, na bei yake ilikuwa chini mno. Dalali alituonyesha karatasi yenye mihuri na kutaka arubuni siku ileile, akisema mnunuzi mwingine yuko njiani.

SHERIA YA ARDHI

Hapa ndipo ilipobidi kuijua sheria. Ibara ya 27 ya katiba ya Meksiko ya mwaka 1917 hukataza mgeni kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani au kilomita 100 kutoka mpakani. Sababu yake ni ya kihistoria: taifa hilo lilipoteza eneo kubwa kwa Marekani katika vita vya 1846 hadi 1848, nalo halikutaka milango yake ishikwe na wengine. Mgeni anayetaka nyumba ya pwani hupitia benki. Benki hushika hati kwa amana, naye mgeni hupewa haki ya kukaa, kukodisha, kuuza na kurithisha. Amana hiyo, iitwayo fideicomiso, ni ya miaka 50 na huweza kuongezwa.

Tena ipo ardhi ya aina nyingine, ejido, ambayo baada ya Mapinduzi iligawiwa vijiji vya wakulima iwe yao kwa pamoja. Mkulima alikuwa na haki ya kuilima, si ya kuiuza. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 1992, ardhi hiyo yaweza kugeuzwa kuwa mali ya mtu binafsi, lakini kwa hatua maalumu na kwa idhini ya mkutano wa wanakijiji. Kabla hatua hizo hazijakamilika, karatasi ya mauzo anayopewa mgeni haimpi umiliki wowote.

Dada mkubwa hakutoa arubuni. Aliichukua nakala ya karatasi ile hadi kwa notario, ambaye katika nchi hiyo ni mwanasheria mwenye mamlaka kutoka serikalini ya kuthibitisha mauzo ya ardhi. Notario alisoma, akatazama daftari la usajili, akasema kwa upole kwamba kiwanja kile kilikuwa bado ejido. Tulipotoka, mwanyumba alimshika mkewe mkono, wakatembea ufukoni kimya kwa muda mrefu. Akiba ya miaka ishirini na minane ilikuwa imeponea hapo.

USALAMA NA UAMUZI

Lilibaki swali la usalama, ambalo askari yeyote angeliuliza kwanza. Sinaloa imejulikana kwa muda mrefu kwa magenge ya dawa za kulevya, na mwezi Septemba 2024 makundi mawili ya genge moja yalianza kupigana, hasa katika mji mkuu wa jimbo, Culiacán. Tuliona magari ya wanajeshi yakizunguka hata katika barabara ya ufukoni. Wenyeji huendelea na kazi zao, na ukarimu wao ni wa kweli. Lakini huulizana habari za njia kabla ya kusafiri.

Baada ya kuyapima yote, wenzetu waliamua kutonunua. Walikubaliana kupanga nyumba ndogo karibu na soko kwa mwaka mzima, wauone Agosti wenye joto na mvua pamoja na Februari wenye upepo, wajue jirani, hospitali na njia. Wakiupenda mji katika miezi yake mibaya, ndipo watakaponunua.

Shauri hili lafaa hata kwa msomaji asiyekusudia kuvuka bahari. Askari hukaa kambini miaka mingi chini ya paa la serikali, na siku ya kustaafu hujikuta na kiinua mgongo mkononi, haraka moyoni na dalali mlangoni. Na aende kwanza kwenye ofisi ya ardhi aone jina la mwenye hati. Na aulize kama ardhi ni ya ukoo au ya kijiji, na nani wana haki ya kukataa. Na akitazame kiwanja wakati wa masika, si wakati wa kiangazi. Zaidi ya yote, mume asiamue bila mke, wala mke bila mume, kwa kuwa wawili hao huona kasoro tofauti. Wahenga walikwisha kutuambia: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.