Faili Lililoungua

Niliandika kwamba mtu fulani, marehemu, ndiye aliyekuwa Zodiac. Jina lake sikulitaja, na kwa hilo nikajiona muungwana. Lakini nilitaja mtaa aliokaa mjini Vallejo, kazi aliyofanya na kanisa aliloimbia kwaya. Makala ilikuwa ya Kiswahili, ya kusomwa na sisi tuliohamia California. Kuna aliyeitafsiri, ikapita mkono kwa mkono hadi ikamfikia binti wa marehemu, ambaye siku hizi ni bibi mwenye wajukuu.

Kwa asiyeijua kesi yenyewe: usiku wa tarehe 20 Desemba 1968, vijana wawili, David Faraday na Betty Lou Jensen, walipigwa risasi kando ya barabara ya Lake Herman, si mbali na Vallejo. Julai 4 iliyofuata akauawa Darlene Ferrin. Septemba, Cecelia Shepard alichomwa kisu ufukweni mwa ziwa Berryessa, na Oktoba 11 dereva wa teksi, Paul Stine, akapigwa risasi ndani ya San Francisco. Michael Mageau na Bryan Hartnell walishambuliwa wakanusurika. Katikati ya hayo yote muuaji, aliyejiita Zodiac, alikuwa akiyaandikia magazeti barua za majigambo zenye mafumbo ya alama. Mpaka leo hakuna aliyefikishwa mahakamani.

Ukianza kuichimba kesi hii, hufiki mbali kabla hujakutana na jeshi. Kule Berryessa wapelelezi waliona nyayo za buti aina ya Wing Walker, saizi 10½, zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi, za kuvaliwa na mafundi wanaotembea juu ya mabawa ya ndege. Stine aliuawa karibu na kambi ya Presidio. Arthur Leigh Allen, mshukiwa aliyeandamwa kuliko wote, alikuwa amepitia jeshi la wanamaji. Huyo alifariki mwaka 1992 bila kushtakiwa kwa mauaji hayo. Alama za vidole hazikulingana, mwandiko haukulingana, na vipimo vya DNA vya mwaka 2002 navyo havikulingana, ila wapo wasiotaka kumwachia hata kaburini. Mimi niliwacheka watu hao, kisha nikaenda kujitafutia Allen wangu.

Niliyempata alikuwa na miwani, nywele fupi na umri unaofaa, kama nusu ya wanaume wa California wa miaka ile. Mzee mmoja aliyewahi kufanya naye kazi aliniambia kuwa marehemu, bia zikishamkolea, alipenda kusema kwamba jeshini alifanya mambo ya siri. Nikaandika St. Louis, kwenye National Personnel Records Center, kuomba habari za utumishi wake. Likaja jibu: faili halipo, inaelekea liliteketea katika moto wa mwaka 1973.

Hapo ndipo nilipokosa, na nataka kosa lieleweke lilivyo. Siwezi kujitetea kwamba sikujua habari za moto, maana barua yenyewe iliutaja. Niliusoma nikaona kisingizio cha serikali. Kwenye makala nikaandika kuwa serikali ya Marekani haina kumbukumbu yoyote ya utumishi wa mtu huyu, nikauliza ni nani hufutiwa historia yake na kwa nini, na neno moto nikaliacha nje. Nililiacha makusudi. Lingeiharibu aya niliyoipenda kuliko zote.

Moto huo ulianza mara baada ya saa sita usiku, tarehe 12 Julai 1973, kwenye ghorofa ya sita ya jengo lisilo na mitambo ya kunyunyizia maji. Chanzo chake hakikujulikana. Yaliteketea mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kwa askari wa nchi kavu walioacha utumishi kati ya Novemba 1912 na Januari 1960, asilimia 80 ya kumbukumbu zilipotea. Hapakuwa na nakala ya pili, wala orodha iliyotengenezwa kabla ya moto, kwa hiyo hata wenye jengo hawakuweza kusema kwa hakika faili la nani limeungua na la nani limesalia. Mtu wangu alikuwa askari wa nchi kavu, na aliacha jeshi kabla ya 1960. Faili lake kukosekana ni jambo la kawaida kabisa. Ajabu ingekuwa kulipata. Kwa hoja yangu, wanane katika kila kumi wa wenzake nao walikuwa majasusi.

Hoja zangu nyingine hazikuwa na afya zaidi. Nilidai mafumbo yale yanahitaji mtu aliyesomea mawasiliano ya siri jeshini. Fumbo la kwanza, lenye alama 408, lilifumbuliwa Agosti 1969 na mwalimu wa shule wa Salinas, Donald Harden, pamoja na mkewe Bettye. Kama mwalimu na mkewe waliweza kulifungua mezani kwao, aliyelifunga alihitaji chuo gani cha kijeshi? Lile la alama 340 lilidumu hadi Desemba 2020, na sehemu ya ugumu wake ni kwamba mwandishi alikuwa amekosea kazi yake mwenyewe. Buti za jeshi nazo huishia kwenye maduka ya mitumba ya jeshi, na kabla ya 1973 vijana wa Marekani waliitwa jeshini kwa lazima. Kumtafuta muuaji kwa kigezo cha kupitia jeshi, katika kizazi kile, ni kumtafuta miongoni mwa mamilioni.

Binti yake hakunitukana. Alinitumia kivuli cha cheti cha baba yake cha kuachishwa jeshi, ambacho askari mwenyewe hupewa nakala yake akiondoka. Nilikuwa nimevusha barua nusu ya bara kutafuta habari zilizokuwa kabatini mwa mtu wa mji uleule, na sikuwahi kufikiria kubisha hodi. Cheti kinasema alikuwa mpishi. Barua yake iliniambia pia kuwa mjukuu ameulizwa shuleni kama wao ndio ukoo wa yule muuaji wa kwenye sinema.

Na hili nalo nilitoe: wazo langu la kwanza, nikiwa bado nimekishika kile cheti, lilikuwa kwamba upishi ni kificho kizuri. Ilibidi niamke kesho yake ndipo nione aibu.

Toleo la Kiswahili limeondolewa. Tafsiri siwezi kuirudisha, sijui hata ina nakala ngapi. Binti anataka nimtaje baba yake kwa jina na kumsafisha kwa jina, kwa kuwa waliomtambua wanamjua ni nani. Mimi naogopa jina likichapishwa karibu na neno Zodiac halitabanduka tena, hata sentensi iwe ya kumsafisha. Tumebishana kwa simu, naye ana haki zaidi yangu. Tulipofikia ni hapa: Jumapili nitakwenda kanisani kwa marehemu, ibada ikiisha nitasimama mbele ya watu walioimba naye, nitalitaja jina lake lote, na nitawaambia kuwa faili liliungua na kwamba mimi nililijua hilo kabla ya kuandika.