Barua kutoka Wichita: Leso ya Shangazi

Shangazi mpendwa,

Uliponipigia simu Jumapili nilikuwa mlangoni naingia zamu ya usiku, na wazee ninaowahudumia walikuwa wananingoja. Ndiyo maana nilinyamaza ulipouliza: "Hao Wakristo wa Kansas wanaojaza makanisa, waliwezaje kupiga kura ya kuavya mimba?" Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo siku tatu. Nakujibu kwa kalamu.

Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua uamuzi wa Roe wa mwaka 1973 uliolinda haki ya kuavya mimba, kila jimbo likaachiwa kujiamulia. Kansas ikawa ya kwanza kuwauliza wananchi, tarehe 2 Agosti. Swali lilikuwa hili: je, katiba ya jimbo ibadilishwe, isilinde tena haki ya kuavya mimba? Maaskofu wa Kikatoliki na wachungaji wengi walihimiza Ndiyo. Hapana ikashinda kwa asilimia 59. Na Kansas, Shangazi, haijamchagua mgombea urais wa chama cha Democratic tangu 1964. Kura zile hazikupigwa na wapagani waliotoka mbali. Miongoni mwa waliozipiga wamo watu wa ibada ya saa tatu, wanaoimba kwaya na kufundisha watoto shule ya Jumapili.

Mmoja wao ni mimi.

Kuna jingine nililokuficha. Unakumbuka tarehe 4 Agosti 2010, kura ya maoni ya katiba yetu ya Kenya? Kijani ilikuwa Ndiyo, nyekundu Hapana. Makanisa yalipinga rasimu kwa sababu ya mahakama za kadhi na Ibara ya 26, ile inayosema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha ikaruhusu mimba kutolewa pale mtaalamu wa afya anapoona kuna dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini. Ulichagua nyekundu, na hukumficha mtu. Mimi nililala kwako usiku ule, tukaongozana asubuhi hadi kituoni, nikachagua kijani. Sikukuambia. Nisamehe kwa kukuficha, lakini kura yenyewe siijutii.

Usidhani nimeiacha imani uliyonilea nayo. Wewe ndiwe uliyenisomea habari za Yeremia aliyejulikana na Mungu kabla hajaumbwa, na za mtoto aliyeruka tumboni mwa Elizabeti Mariamu alipobisha hodi. Naziamini mpaka leo. Mimba haijawahi kuwa kitu chepesi machoni pangu.

Ila nilipoanza kusoma historia ya kanisa, nilikuta wazee wetu wa imani wamelihangaikia jambo hili karne kwa karne. Didake, maandiko ya Wakristo wa mwanzo kabisa, inakataza kuavya mimba. Mwanateolojia Thomas wa Akwino naye alifundisha kwamba roho ya kibinadamu huingia mwilini baadaye, mwili ukishapata umbo. Kuavya kulibaki dhambi, lakini kwa karne nyingi sheria za kanisa zilipima adhabu kwa kuangalia mimba imefika wapi, hadi Papa Pius wa Tisa alipoifuta tofauti hiyo mwaka 1869. Hapa Marekani, mwaka 1967 wachungaji na marabi wa New York walitangaza hadharani kwamba watawasaidia wanawake kuwafikia madaktari salama. Wabaptisti wa Kusini, ambao leo ni nguzo ya upinzani, walikutana St. Louis mwaka 1971 wakaomba sheria iruhusu kuavya katika hali kama ubakaji au afya ya mama kuharibika. Kufikia 1980 walikuwa wamegeuka. Kwa hiyo mtu akiniambia Mkristo wa kweli hana la kujiuliza hapa, namwona anawasahau hao wote waliojiuliza wakiwa wamepiga magoti.

Wichita yenyewe imebeba mzigo mzito wa vita hivi. Kiangazi cha 1991 maelfu walikuja kuziba milango ya kliniki kwa miili yao. Walikaa wiki kadhaa, na zaidi ya 2,000 walikamatwa. Walikiita Kiangazi cha Rehema. Tarehe 31 Mei 2009, Jumapili ya Pentekoste, Daktari George Tiller, aliyekuwa akitoa mimba hata zilizokuwa zimekua, alipigwa risasi akafa ndani ya kanisa lake la Kilutheri, siku aliyokuwa akihudumu kuwapokea waumini. Aliyemuua alijiona anatetea uhai. Mimi nilifika huku 2012, lakini kila nikikumbuka habari ile najiuliza: tunamtetea Muumba namna gani kwa kumwaga damu mlangoni pake?

Sasa, Shangazi, nikupeleke nyumbani. Mwatate, mwaka 1999. Yule binti wa jirani, wa kidato cha pili. Hakumwambia mtu, maana alijua kila mlango ungemfungia. Alipewa dawa za kienyeji na mtu asiyejua alichokifanya, damu ikamtoka siku mbili, akafia njiani akipelekwa hospitali. Mzee wa kanisa akasema hapo hapafanyiki sala. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimesimama nyuma ya mgomba, nikakuona wewe ukiingia uani bila kumwomba mtu ruhusa. Ulivua leso yako ukamfunika. Ukakaa chini na mamake mpaka kukapambazuka.

Kijani ile ya 2010 ilitoka kwenye leso hiyo. Hapana ya 2022 pia. Sikupiga kura kusema mimba ni kitu cha kutupwa. Nilipiga kwa sababu nimeona hofu ikifanya kazi yake: haikumwokoa mtoto, na mama ikamuua. Mwanamke anayevuja damu anahitaji daktari ambaye hatazami mlangoni kama polisi wanakuja.

Siwadharau waliopiga Ndiyo. Katika ushirika wetu yuko mama mmoja aliyetembea nyumba kwa nyumba kuitafutia Ndiyo kura. Huyo huyo amejaza gereji yake nepi, maziwa na vitanda vya watoto, na msichana akikwama usiku wa manane anampigia yeye. Siku hizi magari ya Oklahoma na Texas yanakuja Wichita kwa sababu huko kwao kuavya mimba kumepigwa marufuku. Yeye anaumia kuyaona. Mimi naumia nikimfikiria dereva, aliyeacha watoto wengine kwa jirani akaendesha usiku kucha. Tumewahi kulia pamoja juu ya jambo hili, mimi na yeye, wala hakuna aliyembadili mwenzake. Jumamosi mimi humsaidia kufunga zile nepi.

Nina ombi moja. Wewe ni mwenyekiti wa akina mama, na wasichana wa hapo wanakuogopa kwa sababu wanajua ulichagua nyekundu. Hawajui habari ya leso, kwani wengi walikuwa hawajazaliwa. Waambie. Simama siku ya akina mama, useme kwamba binti akijikuta na mimba, awe amebakwa, awe amedanganywa, awe amekosea tu, aje kwako kabla hajaenda kwa mtu mwingine yeyote, na kwamba hutamuuliza swali lolote kabla hajala na kulala. Huna haja ya kubadili kura yako kwa hilo.

Yule binti alikuwa na nyumba yako umbali wa kutupa jiwe. Hakujua kama angeweza kubisha.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Wichita, Kansas