Injini Iliyoshushwa Mbesa

Waswahili tuna neno moja tulitumialo kwa mtungi, kwa jahazi na kwa gari: chombo. Gari lilipotufikia sisi watu wa pwani, hatukuhangaika sana kulitafutia maneno. Usukani tuliuchukua nyuma ya jahazi tukauweka mbele ya dereva. Shehena iliyokuwa ikikaa ngamani ikapanda juu ya bodi. Lakini chini ya boneti, husema wengi, Kiswahili hukoma, na yaliyobaki ni Kiingereza kilichovishwa irabu mwishoni. Neno hilo nimelisikia katika vikao vya wafasiri tangu ujana wangu, wala halijapata kunikaa moyoni. Hoja ya kulijibu niliipata mbali na bahari, Mbesa, mwaka 2023.

Mbesa ni kijiji cha wilaya ya Tunduru, katika mkoa wa Ruvuma ambao makao yake makuu ni Songea. Ni nchi ya Wayao na ya mikorosho. Dada yangu ameolewa huko, na shemeji yangu ana lori, Isuzu la tani saba, ambalo kila msimu hubeba korosho kutoka vijijini kwenda maghalani. Kisoma maili chake kilisimama zamani, na umri wa injini ile haujulikani ila kwa makisio ya safari. Nilipowasili mwezi wa Agosti, nalo lilikuwa limesimama. Msimu ungeanza Oktoba, na ada za watoto, deni la mbolea na chakula cha nyumba ya watu tisa vilingoja juu ya magurudumu yake.

Shemeji alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kwenda Dar es Salaam kununua injini ya mtumba iliyotoka Japani, ambayo haina wa kuishuhudia. Ya pili ni kuishusha ile aliyo nayo na kuitengeneza uani. Alimwita fundi wa kijiji jirani, mzee aliyepita miaka sitini, mwenye gereji bubu kama zinavyoitwa, yaani gereji isiyo na kibao wala leseni. Ububu huo ni wa jina tu, kwani sijapata kumsikia mtu asemaye kwa ufasaha kuliko yeye.

Kwanza aliomba liwashwe, akalisikiliza. “Inakula oili,” akasema alipoona moshi wa buluu. Kisha akafungua kifuniko cha kutilia oili, na mvuke ukatoka kwa vishindo. “Tena inapumua.” Asiyejua angedhani anapamba maneno, kumbe anaeleza jambo kamili. Injini ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, aliyefaulu kuiendesha ya kwake mjini Augsburg mwaka 1897, aliijenga juu ya hewa iliyobanwa hadi ikapata joto la kuyawasha mafuta yenyewe. Ringi zikilika na ukuta wa silinda ukipanuka, hewa hiyo huvuja kuteremkia kwenye oili, na oili nayo hupanda kuungua. Kupumua ndiyo habari ya kuvuja huko, imesemwa kwa neno moja.

Injini ilishushwa chini ya mwembe kwa minyororo na miti mitatu. Vijana wawili walimsaidia fundi. Mmoja alimaliza kidato cha nne na kuanguka fizikia. Huyo ndiye aliyepewa kazi ya kupima. Fundi hakuwa na geji ya kupimia silinda. Alichukua ringi moja, akaisukuma sawasawa karibu na ukingo wa juu, mahali ambapo silinda hulika zaidi kwa sababu ya moto mwingi na oili haba. Nafasi iliyobaki kati ya ncha mbili za ringi akaipima kwa fila, vile vibamba vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake. Kisha akaishusha hadi chini, ambako ukuta haujalika, akapima tena. Juu ilikuwa milimita 1.60, chini 0.66.

“Toa,” akasema.

“Sifuri nukta tisini na nne, mzee.”

“Gawa kwa tatu nukta kumi na nne.”

Kijana akagawa kwa mkaa juu ya ubao: 0.30. Hapo fundi akamweleza kwamba mzunguko ukikua, kipenyo hukua kwa theluthi yake na kidogo pungufu. Ringi hupima mzunguko; hesabu hutoa kipenyo. Silinda zote sita zikapimwa hivyo, na slivu zikahukumiwa kubadilishwa. Shemeji alifunga krenki kwa gunia, akaipeleka Songea kwa basi pamoja na silinda hedi. Mkerezaji akaipima krenki na kusema haihitaji kukerezwa, bali metali mpya zatosha. Hedi ndiyo iliyosawazishwa uso. Aliporudi na habari hiyo, shemeji alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Bei ya kukereza na kutafuta metali za saizi nyingine ingemla mbuzi wote.

Nami niliokota maneno. Kukereza ni kongwe, tulikuwa nalo kwa miguu ya vitanda kabla ya chuma. Valvu hazisagwi tu, hupekechwa: fundi hutia dawa ya kusagia, akaushika mti wake baina ya viganja na kuuzungusha, kama wazee walivyopekecha moto. Kisha humimina mafuta ya taa na kungoja. Yakivuja, anapekecha tena. Nilipomweleza jinsi tunavyotia kalafati, pamba na mafuta katikati ya mbao za jahazi, alisikiliza, akasema, “Basi hiyo ni gasketi.” Sijaona fasiri fupi kuliko hiyo.

Ni hapa hoja yangu inapokaa. Hadi leo fizikia ya sekondari Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, na tunaambiwa kwamba Kiswahili hakijawa tayari. Lakini kijana aliyeshindwa na mzunguko na kipenyo darasani alivipata chini ya mwembe kwa alasiri moja, kwa lugha anayoiota. Sisemi gereji itoshe badala ya shule. Fundi mwenyewe alilalamika kwamba kitabu cha injini kimeandikwa kwa lugha asiyoisoma, na alinipa nimfasirie kurasa za vipimo. Nilizifasiri kwa maneno yake mwenyewe, naye akasahihisha. Lau si yeye, ningeandika vizuri mambo yasiyofungika kwa spana.

Mwishoni mwa Septemba injini ilirudi mahali pake. Nati za hedi zilikazwa kwa zamu kutoka katikati kwenda pembeni, tapeti zikapimwa, upepo ukatolewa kwenye njia ya dizeli. Ilipowaka, fundi hakuiacha ingurume bure kwa muda mrefu, akieleza kwamba ringi mpya hukaa vyema kwa kazi ya wastani, si kwa uvivu. Safari za mwanzo zilikuwa za nusu mzigo, na oili ikamwagwa mapema ili iondoke na unga wa chuma. Korosho za kwanza zilibebwa na lori lile lile, kwa krenki ile ile.

Ubeti huu niliuacha Mbesa, umeandikwa kwenye jalada la daftari la vipimo:

Chombo kikichoka mwendo, mwenyewe usikitupe,
Kitazame kwa vitendo, na kipimo chake kipe,
Penye kutu na uvundo, paoshe hata peupe,
Kilicho kizima kando, heshima yake kilipe.

Ndani ya daftari yamo maneno ya fundi, mia na kumi na saba, kwa mwandiko wa kijana aliyeanguka fizikia. Mafundi wa Unguja, Pemba, Lamu na Mombasa wanayo mengine. Anayeishi karibu nao na aende na kalamu, maana wengi wao ni wazee.